Saa, Daftari na Programu Mbili za Bure: Tathmini ya Maandalizi ya SAT Nyumbani Kwetu

Programu za Bluebook na Khan Academy, za kujiandaa na mtihani wa SAT, hazilipiwi hata senti moja, na kwa sababu hiyo hiyo nilizidharau. Mimi nilisoma Tanga katika miaka ya tisini, enzi ambazo tuisheni nzuri ilikuwa ile ambayo mwalimu wake anajulikana mji mzima na ada yake inamuumiza mzazi, na fikra hiyo nilivuka nayo bahari. Binti yetu alipoingia darasa la 11 hapa Columbus, jimbo la Ohio, akaanza kuzungumzia SAT, yaani mtihani ambao vyuo vingi vya Marekani huutumia kuchuja waombaji, nilitafuta kituo cha tuisheni cha kulipia kabla hata sijamuuliza shuleni kwao wanajiandaa kwa njia gani. Tathmini hii inahusu vitu vitatu tulivyovitumia kati ya Septemba 2024 na Mei 2025: kituo hicho, ambacho sitakitaja jina, kisha Khan Academy, kisha Bluebook. Hiki cha mwisho nitakizungumzia kwa kirefu kuliko vingine, kwa kuwa ndicho kilichotuonyesha ugonjwa ulikuwa wapi.

Niueleze kwanza mtihani wenyewe, maana wazazi wengi wenzangu ninaokutana nao misikitini, makanisani na kwenye sherehe bado wanaufikiria ule wa zamani wa karatasi na penseli. Tangu Machi 2024 wanafunzi wa Marekani wanaufanya kwenye kompyuta, na wale wa nchi nyingine walitangulia kwa mwaka mmoja. Unachukua saa 2 na dakika 14, ukiacha mapumziko ya dakika 10 katikati. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64, na ya hisabati ina maswali 44 kwa dakika 70. Kila sehemu imekatwa vipande viwili vinavyoitwa moduli. Ndani ya moduli mwanafunzi anaruhusiwa kwenda mbele na kurudi nyuma atakavyo, lakini akishaifunga moduli ya kwanza haioni tena, na namna alivyoifanya ndiyo inayoamua kama moduli ya pili atapewa ngumu au nyepesi. Aliyepewa nyepesi hawezi kufika kwenye alama za juu kabisa za sehemu hiyo. Alama za jumla zinaanzia 400 na kuishia 1600, na jibu lililokosewa halipunguzi kitu. Ukigawa dakika kwa maswali utaona kwamba swali moja la kusoma lina sekunde 71 hivi, na swali moja la hesabu lina sekunde 95 hivi. Namba hizo mbili nilikuja kuzibandika kwenye mlango wa friji, lakini hilo lilikuwa baadaye, baada ya fedha kwisha.

Kuna watakaouliza kama mtihani huu bado una maana, kwa kuwa wakati wa UVIKO vyuo vingi viliacha kuudai. Baadhi vimeurudisha: MIT mwaka 2022, Dartmouth na Harvard mwaka 2024. Vyuo vya mfumo wa University of California, kinyume chake, haviuangalii kabisa katika kudahili. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mzazi asome kwanza masharti ya vyuo ambavyo mtoto anavitaka, kabla ya kumtoa jasho kwa mtihani ambao huenda hautasomwa na mtu.

Turudi kwenye kituo. Nililipa dola 840 kwa Jumamosi nane za saa tatu tatu. Mwalimu alikuwa kijana mwenye adabu, anayefika kwa wakati na anayemjua kila mtoto kwa jina, na kwa hilo sina neno. Tatizo lilikuwa vitabu. Vilikuwa vya mtihani wa zamani, ule uliokuwa na sehemu ya kusoma ya dakika 65 na maswali 52, ambapo kifungu kimoja kirefu hufuatwa na maswali kumi au kumi na moja. Watoto walifundishwa kusoma maswali kwanza, kuyakariri kichwani, kisha kuingia kwenye kifungu kuwinda majibu. Ni mbinu nzuri kwa mtihani ule. Katika mtihani wa sasa kila kifungu kina swali moja tu, na kifungu chenyewe hakizidi maneno 150, kwa hiyo ilikuwa sawa na kumfundisha mtu kuvua kwa juya halafu ukampeleka kwenye kisima chenye samaki mmoja. Walitumia pia Jumamosi mbili nzima kwa hesabu zisizoruhusu kikokotoo, sehemu ambayo haipo tena, kwa kuwa siku hizi kikokotoo kinaruhusiwa katika hisabati yote.

Mwisho wa kozi tulipewa chati yenye mstari unaopanda kwa uzuri hadi 1250, iliyotokana na majaribio ya karatasi waliyoyatunga na kuyasahihisha wenyewe. Mwanzoni mwa Novemba binti yangu alifanya jaribio la kwanza kwenye Bluebook, akapata 1120. Nilipopiga simu kuuliza, nikajibiwa kwamba vitabu ni vya zamani kidogo lakini msingi ni ule ule. Ni kweli msingi ni ule ule, ila sikulipa dola 840 kwa ajili ya msingi, ambao shule yake inamfundisha bure kila siku.

Baada ya hapo nilifanya kosa la pili, nalo lilikuwa langu mwenyewe. Niliitazama ile 1120 nikaamua kwamba mtoto hajui mambo, basi dawa ni kumwongezea mambo. Hapo ndipo Khan Academy ilipoingia nyumbani. Ni taasisi isiyo ya kibiashara iliyoanzishwa na Salman Khan mwaka 2008, na tangu mwaka 2015 imekuwa ikishirikiana na College Board, wenye SAT yao, kutoa maandalizi ya mtihani huo bila malipo. Masomo ya hisabati yamepangwa kwa ngazi tatu, kuanzia misingi hadi yale magumu, na kila mada ina video fupi, maelezo ya kusoma na mazoezi. Inafunguka hata kwenye simu, jambo ambalo wasomaji walioko Dar es Salaam au Mombasa wanaoandaa watoto kwa vyuo vya Marekani watalithamini kuliko sisi.

Kwa kufundisha somo lenyewe, sijaona cha kuishinda kwa bei hiyo, wala kwa bei niliyolipa mimi. Nitoe mfano mmoja ambao ulinifumbua macho hata mimi. Katika Kiswahili tunaandika bila wasiwasi, "Nilifika nyumbani, sikumkuta mtu," tukaziunganisha sentensi mbili kamili kwa mkato peke yake, na hakuna mhariri atakayekunja uso. Kiingereza cha mtihani kinalihesabu hilo kuwa kosa, kinadai nukta, nukta mkato au kiunganishi baada ya mkato, na SAT inalipenda kosa hilo kama paka anavyopenda dagaa. Binti yangu, ambaye Kiingereza anakizungumza kuliko sisi wazazi wake lakini sikio lake limelelewa na Kiswahili cha jikoni, alikuwa akilikosa karibu kila mara bila kujua kwa nini. Video moja na mazoezi ya jioni mbili vilitosha. Mlinganyo wa duara aliupata huko huko, na asilimia zinazopandishwa kisha kushushwa, na tofauti ya wastani na wastani wa kati.

Lakini Khan Academy ni darasa, na darasa halina saa. Zoezi linakusubiri. Unaweza kuinuka ukachemsha chai, ukajibu simu ya shangazi, ukarudi ukalikuta swali limekaa pale pale kwa utulivu, na ukibofya jibu unaambiwa papo hapo kama umepata au umekosa. Kwa mwanafunzi anayejifunza jambo jipya huo ni uungwana. Kwa anayejiandaa na mtihani wa sekunde 71 ni nusu ya kazi, na sikuliona hilo. Niliona alama za kukamilisha mada zikijaa wiki baada ya wiki nikadhani chungu kimeiva. Desemba alifanya mtihani halisi, akapata 1180. Alama 60 juu ya lile jaribio la Novemba, baada ya wiki tano za kukesha. Hakulia, ila kwa siku mbili alikula chakula chake chumbani.

Sasa Bluebook. Hii ndiyo programu ya College Board ambayo mtihani halisi unafanyiwa, na ndani yake mmewekwa majaribio kamili kadhaa ya bure yenye sura ile ile, dakika zile zile, na ule utaratibu wa moduli ya pili kubadilika kulingana na ya kwanza. Inapakuliwa kwenye kompyuta mpakato au aipadi. Kwenye simu haifanyi kazi. Juu ya kioo kuna saa inayohesabu kurudi nyuma, ambayo mwanafunzi anaweza kuificha, ingawa hujitokeza tena dakika tano za mwisho zinapofika. Kuna alama ya kuwekea swali unalotaka kulirudia, kuna namna ya kukata kwa mstari majibu uliyoyaondoa, kuna karatasi ya kanuni za jiometri, na kuna kikokotoo cha Desmos kinachochora grafu. Ukimaliza unapata alama zako na unaweza kulipitia kila swali pamoja na maelezo yake. Haifundishi, na haijifanyi inafundisha. Kazi yake ni kukuweka ndani ya chumba cha mtihani kabla hujafika kwenye chumba cha mtihani.

Jumapili moja ya Januari, saa mbili asubuhi, nilikaa naye kwenye meza ya chakula akifanya jaribio la pili, nami nikiwa na simu yangu kama saa na karatasi ya kuandikia amefika swali la ngapi na dakika ngapi zimepita. Katika moduli ya kwanza ya hesabu alikwenda vizuri hadi swali la 17. Nimelitunga upya hapa kwa namba zangu, lakini sura yake ndiyo hiyo: kuna mchoro uliopinda wa y = x² − 4x + 7 na mstari ulionyooka wa y = 2x + k, na viwili hivyo vinagusana mahali pamoja tu; k ni ngapi? Binti yangu alichukua karatasi, akaandika milinganyo yote miwili kwa mwandiko mzuri, akahamisha, akapanga upya hadi x² − 6x + 7 − k = 0, akakosea ishara moja, akaona, akafuta, akaanza tena juu, akaandika kanuni nzima kwa herufi, akaweka namba, na mwishowe akapiga mstari chini ya k = −2 mara mbili, kama tulivyokuwa tukifanya zamani. Jibu lilikuwa sahihi. Alitumia dakika nne na sekunde kumi. Muda ulipokwisha, maswali matatu ya mwisho alikuwa hajayasoma.

"Lakini Baba, hilo nimelipata," alisema nilipomwonyesha karatasi yangu.

"Umelipata, mama," nikamjibu, "ila limekula wenzake watatu."

Nilipoyatazama yale maandishi yake safi ndipo nilipotambua kwamba mwalimu wa tabia ile alikuwa mimi. Tangu akiwa darasa la tatu nilikuwa nikimwambia: onyesha njia. Katika mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania niliyoifanya mimi, njia ilikuwa na alama zake, na hata jibu likiharibika mwishoni msahihishaji alikupa haki yako ya hatua ulizozipatia. SAT haioni karatasi ya pembeni. Haijui kama ulifika kwa kanuni, kwa mchoro au kwa kubahatisha, na haijali. Swali lile lile, ukiandika milinganyo yote miwili kwenye Desmos, kinatokea kijistari cha kuburutia thamani ya k, unakivuta taratibu mpaka mstari ulibusu pindo la mchoro, na unasoma −2. Wiki mbili baadaye alikuwa akilifanya swali la aina hiyo kwa sekunde 40.

Nisieleweke kwamba Desmos ni mganga. Kwa wiki moja alinogewa nayo kiasi cha kuiandikia hata 3x + 5 = 20, jambo ambalo kichwa chake kinalimaliza kabla kidole hakijagusa kitufe. Ilitubidi tukubaliane ni maswali gani yanakwenda kwenye kikokotoo na yapi yanabaki kichwani, na makubaliano hayo hayakutokana na kanuni yoyote bali na kupima kwa saa: fanya kwa njia zote mbili, andika sekunde, chagua.

Jioni ile tulifungua daftari la kurasa ndogo, tukachora safu tatu: sikujua, nilikosea kwa haraka, na muda uliniponza. Kila swali alilokosa liliingia katika safu moja, na yeye ndiye aliyeamua ni ipi, si mimi. Alikuwa amepata 1190, na makosa yalikuwa 34. Katika safu ya "sikujua" yaliingia manane. Ya haraka yalikuwa kumi. Yaliyobaki 16 yote yalikuwa ya muda, na kati ya hayo sita aliyaacha wazi kabisa, bila kubofya chochote, katika mtihani ambao jibu la kukosea halipunguzi alama. Nilipouliza kwa nini, alinitazama kwa mshangao: nyumbani kwetu kubahatisha ni tabia ya mvivu, si ndivyo ninavyosema? Ndivyo ninavyosema. Nikalazimika kumweleza kwamba kuna mahali ambapo kubahatisha ni uvivu, na kuna mahali ambapo kuacha wazi ndio uvivu.

Kuanzia hapo mpango wetu ulibadilika. Siku za kazi, jioni tatu kwa wiki, alifanya nusu moduli: maswali 13 ya kusoma kwa dakika 15, au maswali 11 ya hesabu kwa dakika 17, akiyatoa kwenye benki ya maswali ya College Board, ambayo nayo ni bure na inaruhusu kuchagua kwa mada na kwa ugumu. Saa ilikuwa ile ya jikoni ya kuokea mikate. Kilichoangukia safu ya "sikujua" kilirudishwa Khan Academy siku inayofuata, kwa utulivu wake wote na bila saa. Hivyo vitu viwili, ambavyo mwanzoni nilikuwa nikivishindanisha, vilianza kupokezana kazi, na daftari ndilo lililokuwa likisema nani ana zamu leo.

Kanuni za chumba cha mtihani tulizijenga polepole. Ya kwanza ni kwamba swali ambalo baada ya sekunde 30 au 40 hujaliona mlango wake, unabofya jibu lolote linaloelekea, unaliwekea alama ya kurudia, unakwenda. Kusema ni rahisi. Mtoto anayependa kushinda huona kuliacha swali ni kama kukimbia vita, na ilimchukua mwezi mzima mkono wake kukubali. Ya pili ilihusu kusoma na kuandika. Maswali ya sehemu hiyo hupangwa kwa aina: yanaanza ya msamiati na muundo wa kifungu, yanafuata ya hoja na ushahidi, kisha ya sarufi na alama za uandishi, na mwisho ya kuunganisha mawazo. Yeye aliona ni bora arukie kwanza ya sarufi, ambayo humaliza kila moja kwa sekunde 30 au 40, kisha arudi mwanzo akiwa na akiba ya dakika kwa vifungu vizito vya sayansi na mashairi ya karne zilizopita. Kwa mwingine kuruka huku kunaweza kumchanganya, hivyo sikupendekezi kwa kila mtu. Jaribio moja la nusu moduli litakuambia.

Ya tatu ni kuhusu ile saa ya juu ya kioo. Kuitazama wakati wote kulimtia kiwewe, na kuificha moja kwa moja kulimfanya alale. Tulichokubaliana ni vituo viwili tu: akifika swali la 9 la moduli ya kusoma anaifungua, na inapaswa kusoma dakika 21, akifika swali la 18 anaifungua tena, na inapaswa kusoma kati ya 10 na 11. Nje ya vituo hivyo inabaki imefichwa. Kwa kuwa anaanza na ya sarufi, alihesabu idadi ya maswali aliyojibu, si namba ya swali, na hilo nalo lilihitaji mazoezi.

Ripoti ya Bluebook ilitupa jibu sahihi na maelezo. Muda wa kila swali niliuandika mwenyewe kwa kalamu, na kazi hiyo ndiyo ninayoisisitizia kwa mzazi mwenzangu ambaye aljebra ilimtoka kichwani zamani. Huhitaji kujua hesabu kushika saa. Unahitaji kunyamaza, na hapo ndipo mimi nilipofeli. Nilikuwa nikiguna. Akikaa sana kwenye swali, nilikuwa nikivuta pumzi kwa nguvu, na Jumapili moja ya Februari aliifunga kompyuta katikati ya moduli na kusema hawezi kufanya mtihani pamoja na pua yangu. Mama yake akaniondoa mezani, akakaa yeye, na majaribio yaliyofuata nilikuwa nikiyasubiri nikiwa uani.

Kosa jingine la kuepuka ni kuyatafuna majaribio kamili kama karanga. Ni machache, na swali ulilokwisha kuliona halikupimi tena. Mwezi Machi tulifanya mawili ndani ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili, kwa tamaa; la kwanza lilitoka 1240 na la pili 1220, na lile la pili halikutufundisha lolote ila kwamba mtoto alikuwa amechoka. Moja kwa kila wiki tatu, na siku nzima inayofuata ikitumika kulipitia daftarini, ndiyo kasi iliyotufaa.

Mei 2025 alifanya mtihani halisi kwa mara ya pili, akapata 1310. Kutoka 1180 hiyo ni nyongeza ya alama 130, na sitaki kuikabidhi yote kwa saa ya jikoni: mwaka huo huo alikuwa na mwalimu mzuri sana wa hisabati shuleni, na mtoto wa miaka 17 hukomaa kwa miezi mitano hata asipofanya chochote. Nina daftari, hata hivyo. Katika jaribio la mwisho la nyumbani, wiki moja kabla ya mtihani, safu ya "sikujua" ilikuwa na maswali saba, karibu sawa na ya Januari. Safu ya muda ilikuwa imeshuka kutoka 16 hadi manne. Kwa maneno mengine, msichana aliyepata 1310 hakuwa anajua mambo mengi kuliko yule wa 1190.

Kwa hiyo hukumu yangu kwa vitu vitatu ni hii. Kituo cha tuisheni nisingekilipia tena, isipokuwa kama kingenionyesha kwa macho yangu kwamba watoto wanafanyia mazoezi kwenye Bluebook. Hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza mlangoni, na jibu la "msingi ni ule ule" ni sababu ya kugeuza gari. Fedha ningeitumia kwa mwalimu binafsi wa saa mbili au tatu tu, aje na kufundisha yale saba yaliyobaki kwenye safu ya kwanza, maana hayo Khan Academy tulishayarudia na bado hayakuingia. Khan Academy ni ya lazima kwa mtoto mwenye mapengo ya somo, na ni ya kutumiwa kwa kiasi na yule ambaye shida yake ni mwendo. Bluebook haina mbadala, na tungeianza Septemba badala ya Novemba, kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Yapo mambo ya gharama na vifaa ambayo hayapendezi kusimulia lakini yanawaangusha watu. Ada ya mtihani kwa mwaka wetu ilikuwa dola 68 hapa Marekani, na wanaofanyia nchi nyingine hulipa nyongeza. Familia za kipato cha chini zilizoko Marekani zinaweza kupata msamaha wa ada unaomruhusu mtoto kufanya SAT mara mbili bila malipo, na wa kumwuliza ni mshauri wa wanafunzi shuleni. Wengi wetu tunaona haya kuuliza. Mwanafunzi mwenye tatizo la kiafya au la kujifunza lililothibitishwa anaweza kuombewa muda wa ziada kupitia shule, lakini maombi huchukua hadi wiki saba, kwa hiyo yasingojee mwezi wa mtihani. Kwa walioko Afrika Mashariki ambako umeme na mtandao vina tabia zao, ni vizuri kujua kwamba intaneti ikikatika katikati ya mtihani programu inaendelea na majibu hayapotei, ilimradi betri iwe na uwezo wa kukaa saa tatu. Betri ya kompyuta yetu ilikuwa ikikaa saa moja na nusu, na tuligundua hilo kwenye jaribio la nyumbani, si kwenye ukumbi wa mtihani. Asiye na kifaa anaweza kuomba kuazimwa na College Board, lakini ombi lifike angalau siku 30 kabla.

Lile daftari sasa limehamia kwa mdogo wake, ambaye yuko darasa la tisa na ameshatumia kurasa tatu za nyuma kuchora magari.